Mahitaji Mengine ya Mgodi

Asubuhi tuliyong'oa viti vya ndege yetu, mimi ndiye niliyeshika bisibisi. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilikuwa nimesimama pembeni nikitazama.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1952. Mimi Theonest, mtu wa Bukoba niliyesomeshwa na mapadri, nilikuwa karani wa kiwanja cha ndege pale Shinyanga. Si karani wa serikali. Nilikuwa karani wa Bwana Gulamali, mwenye kinu cha kuchambua pamba, ambaye baada ya vita alinunua ndege kuukuu ya mbao na turubai, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Ndani ilikuwa na viti vinane. Tulipeleka watu Mwanza, Tabora na Geita: wahandisi wa migodi, wafanyabiashara wa Kihindi, masista wa misheni, na mara moja moja mgonjwa. Rubani wetu alikuwa Kapteni Gregory, Mwingereza mwembamba aliyerusha ndege wakati wa vita. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kimejaa amri, lakini kilieleweka.

Kwa kuwa ndege ilikuwa ndogo, kila abiria tulimpima uzito, yeye na mkoba wake. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Bibi Parvin, binti wa Bwana Gulamali, alikata tiketi na kujaza karatasi ya safari: jina la abiria, anakokwenda, na mtu wa kuarifiwa likitokea jambo. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu na hakuruhusu jina lolote likosewe. Mtu akisema anaitwa Ishwarlal, alimwuliza Ishwarlal wa duka lipi.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara zote za kwenda Geita. Malori yalizama kwenye tope jeusi la mbugani, yakakaa huko wiki mbili. Ndipo Bwana Gulamali alipoingia ofisini kwetu, chumba kimoja cha mabati, akaweka karatasi mezani. Mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, magharibi ya Geita, ulitaka ndege yetu ichukue mizigo yake mara tatu kwa wiki, ratili elfu moja na mia sita kila safari, mwaka mzima.

"Wiki iliyopita viti vinne vilikwenda vitupu," alisema. "Kiti kitupu kinakunywa petroli sawasawa na kiti chenye mtu. Mgodi hauendi mtupu. Kila siku unahitaji kitu."

"Na watu wetu wa Alhamisi, Baba?" aliuliza Bibi Parvin. "Sista Bernadina na wagonjwa wake?"

"Watapanda lori."

"Lori lipi? Si umesema barabara imekatika?"

Bwana Gulamali alimgeukia Kapteni, na Kapteni akatikisa kichwa.

"Ndege hii ilitengenezwa kwa watu," alisema. "Sakafu yake ni ya miguu. Mzigo lazima ufungwe. Pete za kufungia ziko wapi? Nyavu ziko wapi? Wanaobeba mizigo wana ndege za mizigo. Sisi hatuna hata kamba."

"Kamba nitanunua."

"Na ukishazoea mizigo, Bwana, nani atarudisha viti?"

Wakabishana hivyo hadi chai ikapoa. Mwishoni Bwana Gulamali akaniuliza mimi, labda kwa sababu alijua nitajibu vipi. Juma lile nilikuwa nimefuta matapishi ya abiria mara tatu, na mhandisi mmoja alinitukana mbele ya watu kwa sababu ya mawingu.

"Mzigo hautapiki, Bwana," nilisema. "Wala hauulizi kwa nini tumechelewa."

Wote wakacheka, hata Kapteni. Bwana Gulamali akatia sahihi palepale. Bibi Parvin akauvuta mkataba upande wake, akausoma taratibu, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa wanasema tutabeba vifaa, vyakula na mahitaji mengine yoyote ya mgodi. Mahitaji mengine ndiyo nini?"

"Sabuni," alisema baba yake. "Viatu. Wewe hujui migodi."

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilijisifu. Tulibeba pampu, mipira ya maji, magunia ya unga, mapipa ya mafuta ya mashine. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya rubani, maana kila mzigo ulitakiwa ukabidhiwe na karani na utiwe sahihi na karani wa huko. Sista Bernadina alikuja Alhamisi ya kwanza na mama mmoja mjamzito aliyevimba miguu. Tukamwambia hakuna nafasi. Alitazama ndani ya ndege, akaona magunia pale vilipokuwa viti, akamshika yule mama mkono, wakaondoka.

Jumanne ya tatu lori la mgodi likaja kiwanjani mapema. Aliyeshuka mbele alikuwa Herman, mwandikishaji wa vibarua. Kila mtu katika vijiji vya Samuye na Didia alimjua kwa kofia yake ngumu na maneno yake matamu. Nyuma ya lori kulikuwa na fungu la vyuma vya kutobolea mwamba, ratili mia tatu, limeviringishwa kwa gunia. Juu ya vyuma walikaa wanaume kumi.

Nilidhani ni wapakuzi. Vyuma viliposhushwa nikavipima, nikaandika, nikamwuliza Herman, "Na mzigo mwingine?"

"Si huu hapa?"

Nilitazama nyuma yake nione anaonyesha nini. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na wale wanaume kumi tu, wamesimama mstari mmoja, kila mtu na kifurushi chake.

"Sijakuelewa, Bwana Herman."

"Hawa wanakwenda mgodini. Wapime."

"Hawa ni watu."

"Kwani nimesema ni mbuzi?" Alicheka. "Soma mkataba wenu. Mahitaji mengine yoyote ya mgodi. Mgodi unahitaji nini kuliko watu? Kwa lori wanatoroka njiani, leo wawili, kesho watatu. Angani hawatoroki."

Nilihisi masikio yangu yamepata moto. Nilimwita Bibi Parvin. Alitoka na kalamu mkononi, akasikiliza, akasimama kama aliyepigwa kofi. Kisha, bila kuaga, akaingia kwenye gari na kumfuata baba yake kinuni.

Bwana Gulamali alifika na nyuzi za pamba bado ziko kwenye nywele zake. Aliuchukua mkataba, akausoma ule mstari, akausoma tena. Uso wake ukabadilika rangi.

"Mimi nilidhani sabuni," alisema kwa sauti ya chini.

"Ukikataa safari moja, mkataba umekufa," alisema Herman. "Viti umevifungia stoo na abiria wako wamekwisha kukasirika. Shauri lako."

Kapteni Gregory alitukana kwa Kiingereza, maneno ambayo mapadri hawakunifundisha. "Watu wana viti," alisema. "Watu wana mikanda. Sheria inasema viti vinane, watu wanane. Mimi si mchunga ng'ombe."

"Wakiwa abiria, ndiyo," alisema Herman. "Hawa hawajakata tiketi."

Tukamtazama Bwana Gulamali. Yeye aliitazama ndege yake. "Leo tu," alisema. "Leo tu, Kapteni. Kesho naandika barua."

Bibi Parvin alisema, "Baba, usifanye hivyo." Alilisema mara moja tu. Kapteni akavuta sigara yake hadi mwisho, akaikanyaga, akapanda kwenye kiti chake. Alikuwa na mke Mwanza na hakuwa na kazi nyingine. Mimi pia sikuwa na kazi nyingine.

Nikawapima wawili wawili. Karatasi ya mizigo ilikuwa na safu tatu: aina, idadi, uzito. Kijana mmoja mrefu mwenye kovu kwenye nyusi alipopanda mizani aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akasema, "Naitwa Luhende, wa Samuye. Andika."

"Jina halihitajiki, ndugu."

"Nyumbani wataniulizaje?"

"Hii karatasi haina mahali pa jina," nilimwambia. "Shuka, mwenzako apande."

Akashuka. Nikaandika: Mahitaji mengine, 10, ratili 1,290.

Ndani tuliwakalisha sakafuni, watano upande huu, watano upande ule, tukawapitishia kamba viunoni. Vyuma nikavifunga katikati kwa kamba niliyoizungusha kwenye nguzo ya ukuta, maana hapakuwa na kitu kingine. Kapteni alivuta ile kamba, akakunja uso, akarudi kwenye kiti chake.

Safari ilichukua karibu saa nzima. Ndege ikishuka ghafla kwenye upepo, walishikana mikono kama watoto. Mmoja aitwaye Donatus alisali rozari bila kupumzika. Luhende alikaa karibu nami, miguu ameinyosha kwa sababu urefu wake haukumruhusu kuikunja. Nilikwepa kumtazama.

Kiwanja cha mgodi kilikuwa kipande cha ardhi kilichofyekwa kati ya miti. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tuligusa chini vizuri, tukakimbia kidogo, kisha gurudumu la kushoto likazama kwenye tope. Ndege ikasimama kwa kishindo, mkia ukainuka. Nilisikia mbao ikipasuka. Ile nguzo iling'oka na kamba yake, na ratili mia tatu za chuma zikateleza mbele sakafuni kama kitu kilichosukumwa kwa makusudi.

Luhende hakupiga kelele mara moja. Alitazama kwanza. Fungu la vyuma lilikuwa limemlalia mguu wa kulia chini ya goti, na mguu ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Kisha akapiga kelele, na sauti ile ikajaza ndege yote.

Tukaviondoa vyuma, watu sita. Tukamshusha, tukamlaza juu ya gunia. Kapteni alivua mkanda wake akaufunga juu ya goti. Akaja Cornel, karani wa stoo wa mgodi, kijana nadhifu wa umri wangu ambaye kwa wiki mbili alikuwa akinitania na kunipa sigara. Alikuwa na nakala ya mkataba na kitabu cha kupokelea mizigo.

"Leteni machela," nilimpigia kelele. "Daktari wenu yuko wapi?"

Cornel alihesabu wale tisa waliosimama. Akavitazama vyuma. Kisha akamtazama Luhende.

"Huyu hajaandikwa," alisema.

"Nini?"

"Kibarua anaandikwa akishapita kwa daktari na kuonekana mzima. Kabla ya hapo si mtu wetu."

"Basi ni mtu wa nani?"

"Alikuja kama mzigo." Alifungua mkataba, kidole kikipapasa mistari. "Mzigo ulioharibika safarini haupokelewi. Unarudi na aliyeuleta."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya mlio wa injini uliokuwa bado masikioni. Nikamwomba arudie, naye akarudia, neno kwa neno. Wale tisa walikuwa wanamtazama. Kapteni alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameinua kichwa, mdomo wazi. Cornel akaandika kitabuni mwake, nami nikaona alichoandika: Imepokelewa 9. Imeharibika 1. Imerudishwa.

"Cornel," nilisema. "Mguu wake huu hapa. Damu hii hapa. Tazama."

"Usinitazame hivyo, ndugu yangu," alisema. "Nikiandika vingine nitaulizwa mimi. Nina watoto." Akanikabidhi karatasi nitie sahihi.

Nikatia sahihi. Hata leo sijui mkono wangu uliwezaje.

Kapteni hakusubiri. Aliwaamuru wale tisa kusukuma ndege kutoka topeni, nao wakaisukuma wakiwa wamelowa hadi kifuani. Donatus ndiye aliyembeba Luhende kuingia ndani. Herman hakuwapo kuona. Alibaki Shinyanga kutafuta wengine. Hatukurudi Shinyanga. Kapteni aligeuza pua ya ndege kuelekea ziwani, Mwanza, kwenye hospitali.

Nilikaa sakafuni na kichwa cha Luhende mapajani mwangu. Sehemu kubwa ya njia alikuwa akiita jina la mwanamke. Tulipokuwa juu ya maji akatulia, akafumbua macho, akaniuliza, "Karani, sasa umeandika jina langu?"

Nilitoa ile karatasi ya mizigo mfukoni. Nyuma yake palikuwa peupe. Nikaandika jina lake mbele ya macho yake, na la baba yake, na kijiji. Nikamwuliza nani aarifiwe. Akasema, "Mbuke." Kumbe ndilo jina alilokuwa akiliita. Mkewe.

Mguu wake ulikatwa chini ya goti siku ileile.

Siku iliyofuata tuliporudi Shinyanga, nilipanda baiskeli ya kampuni hadi Samuye. Nilimkuta Mbuke shambani, anapalilia pamba, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, wa umri wa miaka ishirini hivi. Aliniamkia kwa kupiga goti kidogo, na kwa kuwa nilikuja na baiskeli na kalamu mfukoni alidhani nimeleta salamu za mumewe. Nilimwambia mumewe alipanda ndege yetu, yuko Mwanza, yuko hai, na amekatwa mguu.

Alikaa chini palepale kwenye matuta.

"Ndege imeanguka?" aliuliza.

"Haijaanguka, Mama."

"Wengine wamekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wengine wote wazima."

"Sasa mguu umekatwaje, na ndege haijaanguka?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, viti, mkataba, vyuma, Cornel na kitabu chake. Nilimweleza pia kwamba mumewe aliniambia jina lake nami nikakataa kuliandika. Sikuwa nimekusudia kulisema hilo, lilitoka. Mbuke alisikiliza bila kulia. Mtoto aliamka, akamvuta shanga za shingoni, naye hakumjali.

"Ulimpima?" aliuliza.

"Nilimpima."

"Nenda ukampime tena," alisema. "Uone amepungua kiasi gani."

Akainuka, akachukua jembe, akarudi nyumbani kufunga vitu vyake. Nilibaki nimesimama katikati ya pamba ya watu, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

Nilipofika kiwanjani, Bwana Gulamali alikuwa pale na Bibi Parvin, na viti vyote vinane viko nje juani, vinafutwa vumbi. Kapteni alikuwa amekwisha kuwaambia kila kitu. Bwana Gulamali alikuwa ameuvunja mkataba kwa mkono wake, barua imekwenda, na yeye mwenyewe alikuwa akikaza skrubu ya kiti cha kwanza, amevaa kanzu nyeupe iliyokwisha kuwa nyeusi magotini. Aliponiona alisema tu, "Miaka thelathini napima pamba, Theonest. Thelathini." Nilikiinua kiti cha pili, nikakishika akikaze.

Shauri lilifika bomani. Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, aliuita mgodi, akamwita Bwana Gulamali, akamwita Kapteni na mimi. Wakili wa mgodi alisimama akasema kwa utulivu kwamba kwa mujibu wa vitabu, Luhende hakuwahi kuwa mfanyakazi wao. Hilo likakubaliwa. Sikuamini. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka; Bibi Parvin peke yake alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Kosa likabaki letu: tumebeba watu kumi bila viti wala majina. Tulizuiwa kuruka miezi mitatu.

Mimi niliulizwa maswali mawili. "Karani, ulijua kuwa wale ni watu?"

"Nilijua, Bwana."

"Kwa nini uliwaandika kama mzigo?"

Nilisema karatasi haikuwa na mahali pa jina. Nililisikia jibu langu likitoka katika chumba kile kikubwa, nikaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kampuni haikupona. Miezi mitatu ilipokwisha, abiria walikuwa wamepata njia nyingine, na mwaka uliofuata ndege iliuzwa. Kapteni alikwenda Rhodesia. Bibi Parvin alimbana baba yake hadi Luhende akapewa kazi ya langoni pale kinuni, kazi ya kukaa, na kwa miaka kadhaa nilimwona pale na mkongojo wake, akiongea na wenye pamba. Tukisalimiana alinisalimu vizuri, kwa utani, kama mtu aliyesafiri nami. Mama yule mjamzito wa Sista Bernadina nilikuja kusikia alijifungulia njiani juu ya mkokoteni, na mtoto hakuishi. Hilo nalo nilipaswa kuliuliza mapema, sikuliuliza.

Mimi niliacha ukarani, nikaenda kufundisha watoto kusoma huko Didia. Siku moja mnadani, mwaka 1957, nikakutana na Mbuke uso kwa uso. Alikuwa amenenepa, ana mtoto mwingine mkononi. Nilimwambia nimefurahi kumwona, na kwamba mumewe huwa ananisalimu vizuri nikipita kinuni.

"Yeye alishakusamehe," alisema. "Mimi bado."

Nikamwambia nimesikia. Akaniitikia kwa kichwa, akageuka kwa mwuza mbuzi, wakaendelea kuvutana juu ya bei ya beberu mwekundu.